Subaru Forester inavuja maji: pampu na mkanda wa taimingi nibadili mwenyewe?

Pole ndugu. Kwenye injini yako ya EJ20 yenye kemshafti nne (shafti zinazofungua valvu), pampu ya maji inazungushwa na huohuo mkanda wa taimingi, kwa hiyo ukishaifikia pampu weka mkanda mpya, tenshena (kikaza mkanda) na roli zake. Nyumbani unaweza, ila injini ipoe kabisa kwanza.

Mimi wakati wa kupanga mkanda, alama ya krenki (shafti kuu ya injini) ilinipoteza nusu siku. Achana na mshale wa kwenye giya ya krenki! Fuata kile kijistari kilicho nyuma ya meno ya giya hiyo, kikae juu kabisa. Kemshafti za kushoto zina mkazo wa springi, zikiruka zinabana vidole.

Kabla ya kupiga starta, zungusha krenki kwa spana mizunguko miwili kufuata saa. Ikikwama, usilazimishe: valvu zinapinda. Hapo ita fundi.