Rangi ya Wino na Leza: Majibu kwa Wanaotaka Kufuta Tatuu

Swali: Tatuu yangu ina maandishi meusi na ua lenye majani ya kijani. Baada ya kuchomwa leza mara nne, maandishi yamekaribia kutoweka, lakini majani yako vilevile. Kwa nini?

Jibu: Kila leza hutoa mwanga wa urefu maalumu wa wimbi, na chembe za wino hupasuka pale tu zinapounyonya mwanga huo. Wino mweusi hunyonya karibu kila mwanga, ndiyo maana hutoka mapema. Mwanga wa nanomita 1064 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi), ambao hutumika sana kwa wino mweusi, kijani haiunyonyi vya kutosha. Rangi hiyo huhitaji leza ya aleksandriti ya nanomita 755 au ya rubi ya nanomita 694. Kabla ya kulipia mara ya tano, uliza mashine inayotumika hutoa mawimbi gani, kwa sababu kurudia mwanga usiofaa ni kuiumiza ngozi bure.

Swali: Na nyekundu?

Jibu: Hufutwa kwa nanomita 532, na kwa kawaida huitikia vizuri. Hata hivyo, ikiwa sehemu nyekundu huwasha au imevimba, mweleze daktari wa ngozi kwanza, kwani leza ikivunja wino unaokudhuru, mzio unaweza kuenea mwilini.

Swali: Nilichorwa nyusi kwa wino wa kahawia uliochanganywa na mweupe. Nimeambiwa leza huzifuta kwa siku moja. Je, ni kweli?

Jibu: Tafadhali usikubali haraka. Wino mweupe, wa waridi, wa kahawia na wa rangi ya ngozi mara nyingi huwa na titani dioksidi au oksidi ya chuma, na joto la leza linaweza kubadilisha kemikali hizo papo hapo, nyusi zikageuka nyeusi au kijivu. Weusi huo pengine hufutika kwa vipindi vingine, lakini si kila mara, na uso hauna mahali pa kuuficha. Hili ndilo jambo ninalosikitika kuona likinyamaziwa wakati wateja wanapohesabiwa bei. Dai jaribio kwenye nukta ndogo iliyojificha, kisha usubiri wiki kadhaa kabla ya kuendelea. Nywele zilizopigwa leza hiyo nazo zinaweza kupauka kwa muda.

Swali: Ngozi yangu ni nyeusi sana. Je, rangi zote zinaweza kufutwa bila kuacha mabaka?

Jibu: Hapa zinashindana rangi mbili, ya wino na ya ngozi yenyewe. Melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, hunyonya zaidi mwanga wa mawimbi mafupi, kwa hiyo nanomita 532 zinazofuta nyekundu ndizo pia zinazoweza kukuachia malengelenge na mabaka meupe au meusi, ilhali nanomita 1064 hupenya chini zaidi na kuipita melanini kwa usalama mkubwa kidogo. Tatuu nyeusi, basi, ina matumaini mazuri kwako. Zenye rangi nyingine zinahitaji nguvu ndogo, mkono wenye uzoefu wa ngozi nyeusi, na nafasi ya wiki 6 hadi 8 au zaidi kati ya vipindi, ili seli za kinga zipate muda wa kuzoa vipande vya wino uliovunjika.