Kutoka Tromsø hadi Longyearbyen

Dada, umeuliza umbali wa Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwe, hadi Longyearbyen, mji mkubwa wa visiwa vya Svalbard, na kama utawahi kwenda na kurudi kwa viza uliyo nayo. Kwa ndege ni kama kilomita 960, na jeti hukaa angani saa moja na dakika arobaini hivi. Njia ya barabara haipo, katikati ni bahari.

Muda huo mfupi usikudanganye. Svalbard ni ya Norwe, lakini iko nje ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja bila kukaguana pasipoti mipakani, kwa hiyo pasipoti hukaguliwa kabla ya kuondoka bara. Kama umetokea Oslo na ndege inapitia Tromsø, huenda mkashushwa nyote, mkapanga foleni ya ukaguzi, kisha mkapanda tena. Tazama viza yako sasa hivi: ikiwa ni ya kuingia mara moja, ukishatoka hutaruhusiwa kurudi Tromsø. Omba ya mara mbili au zaidi, tafadhali, hili ndilo linaloniumiza roho kwa ajili yako.

Ukungu nao huchelewesha safari, basi usikate tiketi ya kurudi Afrika siku ileile unayotoka Longyearbyen. Ukishatua, kuna basi la kukupeleka mjini.