Maswali ya Wasomaji: Maji ya mpakani, nani apunguze?

SWALI: Mashamba yetu yako bondeni mwa Mto Ruvu, chini ya Moshi. Jumuiya yetu ya watumia maji ina kibali cha lita 25 kwa sekunde na tumeonywa tusizidishe. Lakini maji yenyewe yanaanzia Kenya, Mto Lumi, na wenzetu wa Taveta nao wanamwagilia. Kwa nini tubanwe sisi? Na tutajuaje tunachota kiasi gani?
Mkulima, Moshi

JIBU: Ruvu wenu (si ule wa Pwani unaowanywesha watu wa Dar) unatoka Ziwa Jipe, na Jipe linalishwa na Lumi, unaoteremka Kilimanjaro upande wa Kenya. Kwa hiyo ni kweli, anayechota Taveta anawagusa. Ila si yeye peke yake. Jipe lina kina kifupi; udongo unaosombwa na Lumi unalijaza, na matete yanaziba pale maji yanapotokea kuingia Ruvu. Mkiona mto umenywea na ziwa limejaa, tafuteni matete kabla ya kumtafuta Mkenya. Nanyi mna walio chini yenu: Ruvu na Kikuletwa hukutana bwawa la Nyumba ya Mungu, na maji yakitoka hapo yanasubiriwa na mitambo ya umeme ya Hale na Pangani.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1999 unazitaka nchi wanachama kushirikiana kutunza maliasili zao, na mwaka 2013 Kenya na Tanzania zilitia saini makubaliano ya kusimamia kwa pamoja maziwa ya Chala na Jipe, na Mto Umba. Kwa maoni yetu, karatasi hizo hazina meno pasipo vipimo. Mjumbe wa Tanzania akilalamika kwamba Lumi umepungua, swali la kwanza atakaloulizwa ni: ninyi mnachota ngapi?

Kipimo hakina gharama. Chagueni kipande cha mfereji kilichonyooka, meta 10, kisicho na majani. Pimeni upana na kina sehemu tatu, mchukue wastani. Dondosheni gunzi la mahindi katikati ya maji, meta mbili juu ya alama ya kwanza ili lishike mwendo, kisha hesabuni sekunde hadi alama ya pili. Rudieni mara tatu. Likigusa ukingo, hiyo haihesabiwi.

Tuseme upana ni meta 0.6, kina 0.2, na gunzi limetumia sekunde 25. Mwendo ni 10 gawanya kwa 25, yaani 0.4. Zidisha 0.6 × 0.2 × 0.4, upate 0.048. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, hivyo zidisha tena kwa 0.8: meta za ujazo 0.038, au lita 38 kwa sekunde. Mmepita kibali kwa lita 13. Wengi husahau hiyo 0.8, wakajikuta wanajishtaki bure.

Pimeni kwenye banio (pale maji ya mto yanapoingia mferejini) na mwisho wa mfereji siku ileile, hasa Septemba na Oktoba mto ukiwa chini. Yakiingia 38 yakafika 23, lita 15 zimenywewa na udongo njiani, na kuziba mivujo kutawaokoa kuliko kugombania zamu. Andikeni tarehe, saa na majibu kwenye daftari, nakala mpeleke ofisi ya Bonde la Pangani hapo Moshi.