Kabla ya Kuchimba Lambo, Pima Nyasi

Tangu Januari watu watatu wameniuliza swali lile lile. Wana ardhi karibu na hifadhi, wanataka kujenga vibanda vya wageni, sasa wafanyeje ili wanyama waje na wabaki? Mmoja alikuwa ameshapatana na mwenye tingatinga amchimbie lambo, yaani bwawa dogo la maji. Nilimsihi angoje kidogo, maana mimi tingatinga nililipia, na mafuta yake bado nayakumbuka.

Ardhi yenyewe ni ya upande wa mke wangu, huko Kiruhura, magharibi mwa Uganda, si mbali na Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo. Mimi ni mtoto wa kambi. Baba alikuwa askari na kambini lugha ilikuwa Kiswahili, ndiyo maana nakiandika huku shemeji zangu wakinicheka kwa Kinyankole. Nimeendesha watalii miaka 12, nikajiona ninawajua wanyama. Kumbe nilijua wanaposimama tu, sababu ya kusimama pale sikuijua.

Tulikuwa tumepunguza ng'ombe, nyasi zimefika magotini, na maji ya karibu yalikuwa mwendo wa saa nzima. Tukachimba lambo. Julai ile pundamilia wakaanza kushuka alfajiri. Siku moja nilihesabu 31, swala pala zaidi ya hao, ngiri ndio usiseme. Picha nikamtumia kila mtu. Kufika mwisho wa Agosti lambo lilikuwa bado na maji mazuri, lakini ukilizunguka hatua mia tano kila upande, huoni jani la kung'ata. Mbele ya hapo ni migunga iliyosongamana, na chini yake nyasi hazipati jua. Asubuhi moja tukaamka hakuna mnyama.

Mchungaji wetu, mzee aliyechunga mabonde yale kabla sijazaliwa, aliniambia, "Mwanangu, umemwita mgeni ukampa maji matupu. Atakushukuru, kisha ataenda kula kwingine."

Basi ndilo nililojifunza kwa hasara. Idadi ya wanyama haifuati kile ulicho nacho kwa wingi. Inafuata kile kinachoisha kwanza, katika mwezi mbaya kuliko yote. Ukikiongeza hicho, kitu kingine kinashika zamu ya kupungua. Nilitatua maji, nikakutana na nyasi. Nilipogusa nyasi, nikakutana na migunga.

Wakubwa kuliko mimi waliyaona haya zamani. Pale Mweya, katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, viboko walizidi sana miaka ya 1950. Kiboko hushinda majini na usiku hutoka kula, lakini haendi mbali sana na maji. Kwa hiyo maji ya Ziwa Edward na Mfereji wa Kazinga yalikuwa tele, huku ukanda wa nyasi wa kandokando ukitafunwa hadi udongo ukabaki wazi na mvua ikaanza kuuchukua. Wenye hifadhi wakaamua kuwavuna, yaani kuwaua kwa mpango. Viboko walipoondolewa Mweya nyasi zilirudi, na walionufaika mara moja ni nyati na kuro, ambao wingi wa viboko ulikuwa umewanyima malisho. Napenda kuwasimulia wageni kisa hiki tukiwa kwenye boti, ingawa wengi wanataka picha ya mamba tu.

Katika Hifadhi ya Murchison Falls nako, tembo waliobanwa na mashamba yaliyokuwa yakiongezeka nje waliangusha miti mpaka maeneo makubwa ya msitu yakageuka mbuga ya nyasi. Katikati ya miaka ya 1960 waliuawa takriban 2,000 kwa mpango wa serikali. Baadaye vita na ujangili vikawamaliza karibu wote, na vichaka vikarudi. Kwa hiyo kuwaona wanyama wachache hakumaanishi kila mara kwamba ardhi imeshindwa kuwalisha. Huenda bunduki ndiyo imewaweka chini ya idadi ambayo ardhi ingeweza kulisha. Chunguza hilo kwanza.

Kwetu Mburo tembo hawapo, na moto na mifugo vimebadilika, basi migunga imejitanua. Mwaka 2015 waliletwa twiga 15 kutoka Murchison, nao migunga kwao ni chakula. Mimi twiga sina, nina shoka.

Na shoka nalo lilinidanganya. Mgunga ukiukata shina, unachipua mashina matano. Tumejifunza kung'oa miche ikiwa midogo, mvua ikishalainisha udongo, mzizi ukitoka mzima. Usifyeke shamba zima. Pongo bila kichaka hana pa kujificha, na swala pala mwenyewe hula majani ya miti nyasi zikikauka. Sisi tumefungua vipande vipande na kuacha mistari ya vichaka katikati.

Ng'ombe pia usiwafukuze wote, nilikosea hapo. Nyasi zikiachwa zikazeeka, huwa ngumu kama ufagio, na pundamilia huzipita wakitafuta zilizoliwa zikachipua upya. Ndiyo maana utawaona kwenye ranchi za majirani pamoja na ng'ombe wa Ankole.

Kama una ardhi, anza hivi: usihesabu wanyama wakati wa mvua, maana wakati huo kila mahali ni pazuri. Nenda Agosti, na tena Februari, utembee kwa miguu na mtu anayechunga pale. Muulize mnyama hunywa wapi siku hiyo, hula wapi, hulala wapi, na kati ya hizo sehemu hukutana na vikwazo vingapi: barabara, uzio, mbwa wa nani. Andika kinachokosekana. Kisha ongea na Mamlaka ya Wanyamapori Uganda kabla hujaanza biashara, kwani mnyama ni mali ya serikali hata akilala uani kwako.

Agosti iliyopita, mwaka wa nne tangu lambo, nilihesabu pundamilia 14 na hawakuondoka hadi mvua zikaanza. Shemeji yangu anataka lambo la pili. Nimemwambia kwanza tumalizane na migunga ya kona ya kaskazini, na bado hatujaelewana nani atalipa vibarua.