Kumsikiliza mwanachama anayesumbuliwa bila siri yake kuvuja

Kazini ukisumbuliwa kijinsia angalau kuna mlango wa HR, hata kama mlango wenyewe unafunguka kwa shida. Kwenye chama cha kitaaluma hamna HR. Kuna mwenyekiti, kuna katibu, kuna kamati ya maadili ambayo wajumbe wake wamesoma darasa moja na huyo mzee anayekusumbua, wanapeana tenda, wamesimamiana harusi. Na yeye sio bosi wako kwahiyo kwa mwajiri wako huwezi kumshtaki, ila ndo anayesaini logibuku yako (daftari la kumbukumbu za mafunzo ya kazi) ili usajiliwe, ndo anayependekeza nani aende mafunzo Arusha, ndo anayepigiwa simu na makampuni kuulizwa "huyu binti mnamuonaje". Akijibu tu "mmh, bado bado" umeshakaa benchi na hutakaa ujue kwa nini.

Mi ni mkadiriaji majenzi hapa Dar, na kwa muda sasa ni mmoja wa wanachama waliokubali kuwa wasikilizaji kwenye chama chetu, yaani watu ambao mwanachama mwenzao akisumbuliwa anaweza kuwapigia akaongea, na jambo halifiki kwenye kamati mpaka yeye mwenyewe aseme lifike. Hatulipwi na hatuna ofisi. Watu wa fani zingine wananiuliza sana hii kitu inaendaje maana wanataka kuanzisha kwao, so naandika mara moja nisiwe narudia.

Msikilizaji hapelelezi. Ukishaanza kuuliza "una uhakika?" au "na yeye anasemaje?" umeshageuka kamati, na kamati ipo tayari haihitaji msaidizi. Kazi yako ni mtu aongee mpaka amalize, ajue njia zilizopo, afu achague mwenyewe, hata kama anachochagua kinakuuma. Kitakuuma kweli, maana wengi wanaokuja hawataki mtu afungwe wala afutiwe usajili, wanataka wabadilishiwe msimamizi, wasipangwe naye safari moja, meseji za saa sita usiku ziishe, basi. Wanaharakati watanuna lakini jina litakalozungumzwa kwenye kila saiti ni la yule binti, sio langu mimi wala la mwanaharakati.

Kabla mtu hajaanza kusema, mwambie mipaka. Hapa ndo wengi wanaruka kwa sababu wanaona wanamkatisha mtu aliyekuja analia. Mi nasema hivi, karibu neno kwa neno kila mara: "Kabla hujaniambia, ngoja nikwambie na mimi. Utakachosema kinabaki kwangu. Ila kuna mawili siwezi kukaa nayo, kama kuna mtoto chini ya miaka 18 anaumizwa, na kama kuna maisha ya mtu yako hatarini, hata kama ni ya kwako. Afu mi sio wakili, mahakama ikiniita siwezi kukataa kwa kusema ni siri. Ukitaka siri ya wakili ntakutafutia wakili." Halafu nanyamaza. Kuna anayesema ngoja nikafikirie, anaondoka, na ana haki. Hiyo ya umri usidhani haituhusu watu wazima, saiti zetu zina vijana wa veta wako field, wengine hata kitambulisho cha taifa hawajafikia umri wa kupewa.

Jina la mtuhumiwa usiulize. Uliza tu kama ni mtu unayefanya naye kazi au una undugu naye, maana kama ndo hivyo inabidi useme hapo hapo na umpeleke kwa msikilizaji mwingine. Vijana wananianza na shikamoo, naitikia marahaba, afu nawaambia waniite dada tu, kwa sababu mtu anayekuita "mama" au "injinia" (saiti kila mtu ni injinia) atakusimulia nusu tu, ile nusu ya kuguswa ataimeza. Na maswali ya "kwa nini" yaache nyumbani. Kwa nini ulienda chumbani kwake, kwa nini hukusema mapema, kwa nini ulipokea lifti. Wanajiuliza wenyewe usiku kucha. Swali langu kubwa ni "ungependa nini kitokee", na nauliza tena kikao kingine maana jibu linabadilika. Wanaume pia wanakuja, wachache, na wanaanza kwa kucheka, kwahiyo usicheke nao.

Sasa kuvuja. Watu wanadhani siri inatolewa na mtu mbaya mwenye mdomo, lakini kwa niliyoyaona mimi siri zinatolewa na watu wazuri wenye huruma, au na makaratasi.

Tuanze na makaratasi. Umekutana na mtu Mbezi, umelipa bajaji na soda, chama kimesema kitarudisha nauli. Unajaza fomu ya malipo, mhasibu anataka maelezo, unaandika "kikao cha usaidizi na mwanachama", tarehe ile, Mbezi. Mhasibu anajua nani anakaa Mbezi. Mweka hazina anasaini, katibu anasaini, na hela ikitumwa kwa simu maelezo yanaenda nayo. Hapo hujasema neno lolote kwa mtu yeyote na watu watatu wameshajua! Sisi tulikubaliana wasikilizaji wapewe posho ndogo ya vocha na nauli kwa mkupuo, iwe wamekutana na mtu au hawajakutana, bila kueleza imetumikaje. Mkaguzi wa hesabu alikunja sura, mwisho akaelewa.

Simu nayo. Meseji ya wasap inatokea juu ya kioo mko mezani na mumeo, au laptopu ya ofisi imeunganishwa na wasap yako na umeiacha wazi, projekta imewashwa. Zima zile arifa zinazoonyesha maneno. Usimseve mtu kwa maelezo ya shida yake. Voisi noti usiisikilize kwenye daladala hata kama umeweka sikioni, spika hizi zinasaliti. Na mnapoagana mkubaliane meseji ya kawaida ya kujuliana hali, sisi tunatumia za kazi, mfano "ile BOQ umeipitia?" (BOQ ni orodha ya vifaa na kazi za ujenzi), akijibu "bado" maana yake niache kwanza, akijibu "nimeipitia" napiga. Hata simu yake ikishikwa na mtu hamna kitu pale.

Afu huruma. Huruma ndo kiboko. Msikilizaji ameelemewa, anaenda kwenye jumuiya au kikundi cha maombi, anasema "tumuombee dada mmoja kazini kwetu anapitia magumu na mkubwa mmoja". Jina hajataja. Lakini kwenye kikundi kuna mtu mumewe ni mwanachama, na mradi ule una wanawake wawili tu, mmoja yuko likizo ya uzazi. Umemaliza. Fani zetu ni ndogo mno, ukitoa jina ukabakiza mkoa na cheo bado umetoa jina. Ndo maana hapa hamtasoma kisa cha mtu yeyote, hata kile kimoja ninachotamani sana kukiandika.

Ripoti ya mwaka nayo hivyo hivyo. Baraza litataka takwimu, na ni haki yao kujua kama huduma inatumika, ila ukiandika "Kanda ya Kati: mmoja" kwenye kanda yenye wanachama wanaojuana wote umeshamuanika. Toeni namba ya nchi nzima tu, na ikiwa ndogo sana semeni "huduma imetumika" muishie hapo. Mi daftari la majina sina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inabana namna ya kutunza taarifa za watu, hasa zile nyeti, lakini hata bila sheria, karatasi ambayo haipo haiibiwi.

Ushahidi anatunza mwenyewe mwenye jambo. Hili namwambia kila mtu hata kama anaapa hatalalamika popote, maana wengi wanabadilisha mawazo baadaye. Meseji usifute, hata kama zinakutia kichefuchefu. Skrinshoti piga, ila simu yenyewe usiiuze wala usiiformati, kwa sababu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki lakini uzito wake unategemea ulivyotunzwa, na wakili wa upande wa pili kitu cha kwanza atasema umeitengeneza. Andika tarehe, mahali, nani alikuwepo, na maneno yenyewe kama yalivyosemwa, usiyasafishe. Kama alisema upuuzi, andika upuuzi.

Njia zenyewe ntazipitia harakaharaka. Kama mtu anataka ngono ili asaini, apitishe au apendekeze, hiyo ni rushwa ya ngono, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, simu ya TAKUKURU ni 113 na ni bure, na uwahi kuwaona kabla hamjafika mbali kwenye mazungumzo na huyo anayekuomba. Kushikwashikwa na maneno ya kudhalilisha kijinsia kuna kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu, unaanzia Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Kama msumbufu yuko kazini kwako pia, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 7 inahesabu usumbufu wa aina hiyo kuwa ubaguzi, na migogoro ya ajira inaenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wa Kenya, sheria yenu ya ajira ya 2007 kifungu cha 6 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na sera ya udhalilishaji wa kijinsia, kaiombeni muione kama ipo. Malalamiko yana muda wake, so kama kuna hata robo ya wazo la kwenda mbele, muone wakili mapema.

Wakongwe wanapenda kusema "yaliyotokea hotelini usiku sio mambo ya chama". Mkataba namba 190 wa ILO (Shirika la Kazi Duniani), wa 2019, unataja safari za kikazi, mafunzo, matukio na hafla zinazohusiana na kazi, na mawasiliano ya mtandaoni, vyote kama sehemu ya ulimwengu wa kazi. Umeanza kutumika Juni 2021, Uganda na Rwanda wameuridhia 2023. Hata pale ambapo nchi haijauridhia hamna kinachozuia chama kuchukua maneno yale kikayaweka kwenye kanuni zake za maadili, na sisi tuliyachukua hivyo hivyo. Ile hoja ya hoteli ikafa siku ile.

Kitu ninachokipinga kwa nguvu ni suluhu. Habari ikianza kunukia, lazima atokee mzee mwenye busara aseme wakae wayamalize kiutu uzima. Mnakutana mgahawani, msumbufu anaagiza kuku, anasema "kama nilikukwaza binti yangu basi", binti anasema nimekusamehe maana atasema nini mbele ya wazee wanne, picha inapigwa na jioni ipo kwenye grupu na emoji za mikono. Baada ya hapo akilalamika tena anaitwa mwenye kinyongo. Msikilizaji asishiriki kikao cha namna hiyo, hata kama amealikwa kwa heshima, hata kama anaombwa na mwenyekiti. Kama mwenye jambo mwenyewe ndo anataka kukaa na mtu wake, na ametaka bila kusukumwa, hapo ni mengine, na nafasi yako ni kumsindikiza.

Mizigo mnayobeba, mwambiane wasikilizaji kwa wasikilizaji, bila mkoa, bila cheo, bila mradi: "leo nimesikia kitu kizito, nisindikize kwa simu nusu saa". Na mikoani ambako wote mnajuana msimpangie mtu msikilizaji wa mji wake. Orodha iwe ya nchi nzima, mtu wa Mbeya ampigie wa Mwanza akitaka, simu haijali umbali.

Mwisho kuhusu uchaguzi, maana kwenye vyama vyetu ndo msimu wa mambo yote. Msikilizaji asiwe kiongozi, hilo wengi wanalikubali, lakini mnasahau kwamba msikilizaji wa leo anaweza kuchukua fomu kesho. Akichukua fomu aache usikilizaji siku hiyo hiyo, awajulishe waliokuwa wanaongea naye wachague mwingine, na afute chati zote kabla timu ya kampeni haijaanza kuishika simu yake kutuma mabango. Na kama mpinzani wake kwenye uchaguzi ni mtu aliyewahi kutajwa kwake, basi asigombee nafasi hiyo, agombee nyingine au asubiri awamu ijayo. Tuliliandika hilo kwenye mwongozo wetu na lilileta ubishi kuliko vipengele vyote, wengine mpaka leo wanasema tumewaonea wasikilizaji. Mi nilipiga kura ya ndiyo.