Maswali Yenu Kuhusu Seán MacBride wa Ayalandi

Swali: Huyu si ndiye aliyepigana upande wa Makaburu kule Afrika Kusini, baadaye Waingereza wakampiga risasi?

Jibu: Huyo ni baba yake, John, aliyeuawa katika gereza la Kilmainham, Dublin, tarehe 5 Mei 1916. Seán, wakili na mwanasiasa, alizaliwa Paris mwaka 1904, mama yake ni Maud Gonne, na siku hiyo alikuwa na miaka 12. Swali hili haliishi kuja. Tazameni mwaka kabla ya jina la ukoo.

Swali: Mtu wa IRA, jeshi la siri la Waayalandi waliopinga utawala wa Uingereza, alipewaje Tuzo ya Amani ya Nobel? Si hao waliotega mabomu London?

Jibu: Mnachanganya majeshi mawili. IRA ya mabomu ya miaka ya 1970 ilizaliwa kutokana na mgawanyiko wa Desemba 1969. MacBride alikuwa mkuu wa majeshi wa IRA mwaka 1936, akajitoa baada ya Katiba ya Ayalandi ya 1937, akawa wakili mwaka huohuo. Tuzo ya 1974, aliyogawana na Eisaku Satō wa Japani, ilitokana na kazi yake ya haki za binadamu, ikiwemo Amnesty International na Tume ya Kimataifa ya Wanasheria, ambayo alikuwa katibu mkuu wake tangu 1963. Lakini msimpake chokaa. Aliukataa Mkataba wa 1921 na Uingereza, ulioipa Ayalandi uhuru usio kamili, akashika silaha dhidi ya Waayalandi wenzake walioukubali, na mwaka 1922 akakamatwa Four Courts, jengo la mahakama la Dublin. Rory O'Connor, mpiganaji mwenzake aliyekuwa naye chumba kimoja gerezani, alitolewa akapigwa risasi tarehe 8 Desemba bila kufikishwa mahakamani. Anayetaka kujua kwa nini MacBride alitetea wafungwa maisha yake yote aanzie hapo.

Swali: Ndiye aliyeifanya Ayalandi jamhuri?

Jibu: Si peke yake. Ilikuwa serikali ya mseto ya John A. Costello, MacBride akiwa waziri wa mambo ya nje. Sheria ilianza kazi tarehe 18 Aprili 1949.

Swali: Chama chake kilikufa kwa nini?

Jibu: Clann na Poblachta, alichokianzisha mwaka 1946, kilipata viti 10 mwaka 1948. Waziri wake wa afya, Noël Browne, akaleta mpango wa matibabu ya bure kwa akina mama wazazi, na kwa watoto hadi miaka 16, bila kuuliza kipato. Maaskofu wakapinga, madaktari wakapinga, na Aprili 1951 MacBride akamtaka Browne ajiuzulu. Browne akazikabidhi barua zote kwa magazeti. Uchaguzi wa mwaka huo ulikiachia chama viti 2. Kwangu mimi hilo ndilo kosa lake kubwa kisiasa, na alilifanya akiwa na akili timamu.

Swali: Alifanya nini hasa Namibia?

Jibu: Afadhali mmoja wenu ameuliza! Wasifu wake mwingi huishia Dublin, wakati sisi Waafrika ndio wenye sababu ya kuusoma ukurasa huu. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeivua Afrika Kusini mamlaka juu ya Namibia tarehe 27 Oktoba 1966. MacBride alipokuwa Kamishna wa Umoja huo kwa Namibia, Baraza lake la Namibia likatoa Amri Namba 1, tarehe 27 Septemba 1974. Ilisema hivi: hakuna kutafuta, kuchimba, kusafisha, kuuza wala kusafirisha maliasili ya Namibia bila idhini ya Baraza, leseni za Pretoria, yaani serikali ya Afrika Kusini, ni batili, mzigo uliotoka kinyume cha amri unaweza kukamatwa popote pamoja na meli iliyoubeba, ukawekwa amana kwa ajili ya Wanamibia, na mchimbaji anaweza kudaiwa fidia na serikali huru itakayokuja.

Ilikwama wapi? Baraza halikuwa na polisi wala mahakama. Ilibidi kila nchi iitekeleze kupitia mahakama zake, na mataifa makubwa ya Magharibi yalikataa kuitambua. Urani ya Rössing, mgodi wa Namibia, ikaendelea kusafirishwa. Baraza lilifungua kesi Uholanzi mwaka 1987 tu, na uhuru wa Machi 1990 ukaifikia kabla ya hukumu. Miaka 13 kati ya amri na kesi ni mingi mno. Wanaoandika leo sheria za kulinda madini waandike pamoja nayo jina la mahakama itakayokamata mzigo.

Swali: Na Kanuni za MacBride zilihusu Namibia?

Jibu: Hapana. Ni 9, za mwaka 1984, kuhusu ajira bila ubaguzi wa kidini Ayalandi ya Kaskazini.