Kabla hujaandika yes: kwa wanaoanza kuhamisha mafaili kati ya seva

Ukikabidhiwa seva ya kwanza kuisimamia, utaikuta tayari ina shughuli zake. Idara ya fedha inatuma ripoti kila jioni, kampuni ya mishahara inachukua faili kila mwisho wa mwezi, na ipo skripti iliyoandikwa na mtu ambaye keshaacha kazi. Usikimbilie kubadilisha kitu. Uliza kwanza mafaili hayo yanapita njia gani. Ukiambiwa FTP tupu, yaani itifaki ya zamani ya kuhamisha mafaili, basi umeshapata kazi ya kuanzia.

FTP ilibuniwa mwaka 1971, enzi ambazo waliounganishwa kwenye mtandao walikuwa wachache na wengi wao wakijuana. Jina la mtumiaji, nenosiri na faili lenyewe vyote vinasafiri wazi. Jionee mwenyewe kwenye mashine ya majaribio: endesha tcpdump -A port 21, amri inayoonyesha yanayopita kwenye mtandao, kisha ingia kwa FTP ukitumia dirisha jingine. Utaona USER na jina lako, halafu PASS na nenosiri lako, herufi kwa herufi. Kila kijana anayejiunga nasi namwonyesha hili siku za mwanzo kabisa, kwa sababu akishaliona haombi tena maelezo marefu.

SSH, njia ya kuingia kwenye seva ya mbali kwa mawasiliano yaliyosimbwa, ilitokana na tatizo hilohilo. Mwaka 1995 Tatu Ylönen, wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki huko Ufini, aliiandika baada ya manenosiri kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake. Aliomba poti (namba ya mlango wa huduma) ya 22, iliyo katikati ya 21 ya FTP na 23 ya telnet, njia ya zamani ya kuingia kwenye seva bila usimbaji, zile mbili alizotaka kuzistaafisha. SFTP, njia ya kuhamisha mafaili, inapita ndani ya SSH kwa poti hiyohiyo moja. Msiichanganye na FTPS, ambayo ni FTP ileile iliyofungwa kwa TLS, usimbaji uleule wa tovuti za https, na ambayo bado inadai poti nyingine za kupitishia data, jambo linalowasumbua sana wenye faiawoli. Mkiachiwa mchague wenyewe, chagueni SFTP.

Sasa niseme linaloniuma zaidi. Mara ya kwanza unapoungana na seva, SSH inakuambia haiwezi kuthibitisha kuwa hiyo ni seva yenyewe, inakuonyesha mfuatano wa herufi unaoanza na SHA256, ambao ni alama ya ufunguo wa seva hiyo, halafu inauliza kama uendelee. Karibu kila mtu anaandika yes bila kusoma. Usimbaji fiche unazuia mtu wa tatu asisikilize mazungumzo, lakini haukuambii unazungumza na nani. Aliyejipachika katikati anaweza kukupa ufunguo wake badala ya ule wa seva, nawe ukamkabidhi nenosiri kupitia njia iliyofungwa barabara.

Kuhakiki hakuchukui muda. Kwenye seva yenyewe, kupitia konsoli, endesha ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub, kisha linganisha na ulichoonyeshwa. Kama seva ni ya kampuni nyingine, mpigie simu msimamizi wake akusomee, na utumie namba uliyokuwa nayo tangu zamani, siyo ile iliyokuja kwenye barua pepe ya jana. Na siku ukitolewa onyo kwamba utambulisho wa seva umebadilika, usifute mstari wa zamani kwenye known_hosts, faili ambamo SSH inatunza funguo za seva inazozijua, ili tu kazi iendelee. Mara nyingi utakuta mtu kaijenga upya seva na hakusema. Sawa, lakini mpate kwanza huyo mtu. Skripti yenye StrictHostKeyChecking=no, yaani inayokubali ufunguo mpya wa seva bila kuuliza, iondoleeni neno hilo leo, na ufunguo wa seva muuweke kwenye known_hosts kwa mkono.

Kwa funguo zenu wenyewe, ssh-keygen -t ed25519 inatosha kwa kazi nyingi za sasa. Inakupa jozi: ufunguo wa siri na wa umma. Ufunguo wa siri unabaki kwenye mashine ulipozaliwa. Hautumwi WhatsApp, hauwekwi kwenye folda ya pamoja, haukopeshwi. Anayeomba ufunguo wako anahitaji lile faili lenye mwisho wa .pub tu. Kila mtu awe na wake na kila skripti iwe na wake, ili mtu akiondoka ufute mstari mmoja kwenye authorized_keys, faili la seva lenye funguo za umma zinazoruhusiwa kuingia, bila kugusa wengine. Ukiona ufunguo unakataliwa ilhali ni sahihi, angalia ruhusa: folda ya .ssh iwe 700 na authorized_keys iwe 600.

Mshirika wa nje anayeleta mafaili tu asipewe uwezo wa kuendesha amri. Mweke kwenye kundi lake, kisha kwenye sshd_config, faili la mipangilio ya SSH kwenye seva, tumia Match Group (kulitaja kundi), ChrootDirectory (folda anamofungiwa) na ForceCommand internal-sftp (SFTP tu, bila amri nyingine). Wengi wanakwama hapa: folda ya ChrootDirectory lazima iwe mali ya root, yaani msimamizi mkuu wa seva, na isiandikike na mwingine yeyote. Tengeneza folda ndogo ndani yake, hiyo ndiyo mshirika aandikie. Ukishahariri, endesha sshd -t, inayokagua makosa kwenye mipangilio, kabla ya kuwasha upya huduma, na usifunge dirisha ulilomo mpaka umeingia kwa dirisha la pili.

Hayo yote yanalinda faili likiwa njiani; likishafika na kutulia kwenye seva ni jambo jingine. Mwezi Mei 2023 kundi la wahalifu liitwalo Clop lilitumia tundu kwenye MOVEit Transfer, programu inayouzwa mahususi kwa kuhamisha mafaili kwa usalama. Hawakuvunja usimbaji wowote. Walipitia ukurasa wake wa wavuti kwa kuchomeka amri za SQL, lugha ya hifadhidata, wakayakuta mafaili yametulia. Programu hiyo husimba mafaili hata yakiwa kwenye diski, lakini funguo inazo yenyewe, kwa hiyo aliyeishika programu ameshika na funguo. Wafanyakazi wa BBC na British Airways waliibiwa taarifa zao kwa sababu kampuni ya mishahara, Zellis, ilikuwa ikiitumia.

Kwa hiyo faili likishachukuliwa, liondoke. Amri ya find yenye -mtime +7 (mafaili yaliyopita wiki moja) ndani ya cron, kipanga kazi cha seva, inafanya kazi hiyo, ila ianzeni na -print muone itagusa nini kabla ya kuweka -delete. Mafaili ya mishahara, wagonjwa au wateja yasimbeni kwa gpg, programu ya kusimba mafaili, kabla hayajapanda, kwa ufunguo wa umma wa mpokeaji, na ule wake wa siri usiwe kwenye seva hiyo kabisa. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Ile ya Kenya inadai kamishna ajulishwe ndani ya saa 72 data zikivuja na wenyewe wakiwa hatarini kudhurika, na hutaweza kueleza kilichovuja kama seva haiandiki nani alichukua faili gani. Ongezeni -l INFO baada ya neno internal-sftp, kisha mhakikishe maandishi yanaonekana kweli kwenye logi.

Ufunguo wa siri wa gpg ukipotea, hakuna wa kumpigia simu. Wekeni nakala yake nje ya mtandao, ikiwa na nenosiri lake, kisha ichukueni nakala hiyo kwenye mashine nyingine mfungue nayo faili la jana. Msiwaambie idara ya fedha kuwa mfumo uko tayari kabla faili hilo halijafunguka.